Mikono ya Fundi Mbele ya Madhabahu

9 Februari 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, maana barua yako ya mwisho uliiandika umelala kifudifudi na mwandiko ulikuwa wa daktari mtupu. Sisi huku hatujambo. Mtoto anaota meno na anatafuna kila anachokiona, hata tepu yangu ya kupimia nguo imeshaumwa. Mume wangu yuko barabarani na gari lake la maji. Baba magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakutolea macho. Bado anafungua karakana mwenyewe kila asubuhi, utadhani akichelewa mafundi wataondoka na mlango. Mimi nashona sare za shule na cherehani haipoi.

Sasa nikae vizuri nikueleze, maana jambo hili limenikaa kooni.

Unajua yule mchungaji uliyemwacha alistaafu. Huyu mpya ni kijana, ana sauti, ana moto, na mimi simchukii. Ila amekuja na utaratibu wake. Anasema asiyenena kwa lugha bado hajajazwa Roho, na asiyejazwa Roho asikaribie meza ya Bwana. Watu wamepewa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Basi kanisa zima likaanza kububujika maneno yasiyo ya lugha yoyote tunayoijua. Mama wa kwaya amenena, mlinzi wa geti amenena, hata yule muuza mkaa asiyependa kusalimiana amenena. Benchi letu la viziwi, pale mbele kushoto, likabaki linatazama midomo ya watu.

Wananiuliza kwa mikono, "Wanasema nini hao?" Kazi yangu mimi ni kutafsiri kila kinachotoka mdomoni mwa mtu, na kwa mara ya kwanza tangu unifundishe nikajikuta nimesimama mbele yao nimeshusha mikono. Nikawajibu, "Sijui, sielewi." Wakanicheka sana. Wakasema leo na mimi nimekuwa kiziwi.

Mchungaji akaniita ofisini akataka niwafundishe kufungua vinywa na kutoa sauti, yoyote ile, Roho atamalizia. Nilimwambia hao watu walichapwa utotoni wakilazimishwa kutoa sauti, mimi siwezi kuwarudisha huko. Akasema ataliombea.

Jana ndiyo mambo yakatokea. Tulikuwa kwenye maombi, watu wamefumba macho, vinanda viko juu. Mara Fundi akasimama kutoka kwenye benchi. Ndiyo, Fundi, yule yule kiziwi wa karakana ya Baba. Alikuwa amefumba macho na mikono yake ikaanza kusema. Si ishara tunazotumia kanisani, wala si zile za shule ya viziwi. Wenzake wa benchi walimtazama wakatazamana, hakuna aliyeelewa. Mchungaji akashuka madhabahuni mbio, akasimamisha vinanda, akaniuliza mbele ya watu wote: "Dada mkalimani, anasema nini?"

Shangazi, nilimgeukia Fundi. Kabla sijajibu, Baba akapaza sauti kutoka kwenye viti vya wazee: "Amina! Hiyo si ya kutafsiriwa!" Mchungaji akapiga kelele kwamba kiziwi amenena kwa lugha, kwa mikono yake, na kanisa likalipuka kwa makofi.

Nakueleza alichofanya. Kidole juu ya nyusi, kama mtu anayechora kovu. Viganja viwili vinakandamiza kichwa mpaka kinainama. Ngumi tumboni, inatetemeka. Halafu mkono ukachota kutoka kwenye sufuria, ukaweka kwenye sahani, na mkono mwingine ukaifunika. Akarudia, akarudia, machozi yanamtoka.

Niandikie uniambie kwamba nimekosea.

Mwanao,
Kidole


5 Machi 1998

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata ikiwa imelowa pembeni, sijui posta wanaogelea nazo. Mgongo umepoa. Mtoto mpe karoti mbichi atafune, aache tepu, tepu ni kazi.

Huku kwenye chumba cha kufulia tumeletewa mashine mpya ya kukamua mashuka ya hospitali. Ikianza kuzunguka sakafu inatetemeka mpaka magego yangu yanapata habari. Wenzangu wanajaza pamba masikioni na bado wanatoka wameshika vichwa, na mimi nipo katikati napiga pasi kama niko peponi. Msimamizi ameniandikia kwenye ubao kwamba mimi ndiye mfanyakazi pekee asiyelalamikia kelele. Nikamwandikia chini yake kwamba basi anipe cheo. Amefuta ubao.

Baba yako mwambie magoti hayatibiwi kwa ubishi. Afunge kitambaa cha moto asubuhi kabla hajatoka kitandani. Najua hatafanya, lakini mwambie ili asije akasema hakuambiwa.

Sare za shule angalia upindo wa chini, acha kitambaa cha kutosha, watoto wanarefuka na mama zao watarudi kukusema wewe.

Habari ya kanisani nimeisoma. Mikono ya watu wazima hufanya mambo mengi, wewe usiitafute ubaya. Shona nguo zako.

Salimia wote walioniulizia, na ambao hawakuniulizia pia.

Shangazi yako

Hivi, ameota mvi?


22 Machi 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Karoti imefanya kazi. Kitambaa cha moto nilimpelekea Baba mwenyewe asubuhi; alikifunga, halafu akaniambia magoti yalikuwa yameshapona usiku.

Fundi mvi ameota, upande mmoja zaidi ya mwingine, maana anaweka penseli nyuma ya sikio lile na vumbi la mbao linajificha humo. Hajaoa. Hukuuliza hilo lakini nakujibu.

Sasa na mimi niache kuzunguka. Ishara zile nazijua na wewe unazijua. Kidole juu ya nyusi ni jina lako, kwa ajili ya kovu ulilolipata ulipoangukia ukingo wa kisima. Bibi alikuita hivyo kabla hujapelekwa shule. Zote ni za Bibi, alizitunga jikoni kwake kwa kuwa alikuwa na mtoto asiyesikia na hakuwa na mtu wa kumfundisha. Wewe ulinifundisha mimi nikiwa mdogo, ndiyo maana ukaniita Kidole, kwa kuwa nilianza na kimoja. Nilidhani duniani tumebaki mimi na wewe tunaozijua. Kumbe kuna mtu mwingine ulimfundisha.

Hivi ndivyo alivyosema Fundi, kama mimi bado ni mkalimani: "Mwenye kovu. Niliinamisha kichwa kwa woga. Chakula chako bado nimekifunika."

Ile ya mwisho Bibi alikuwa anamwambia aliyechelewa kurudi nyumbani. Nimelia nikiiandika hapa, na mteja yuko mlangoni anangoja suruali.

Jambo lenyewe limekua. Mchungaji amemwandikia mwangalizi mkuu wa makanisa yetu kwamba huku kiziwi amenena kwa lugha. Mwangalizi anakuja mwenyewe. Kabla hawajalitangaza wanataka ushahidi wa mkalimani: nisimame mbele ya kanisa, niinue mkono wa kulia, niseme ishara zile sizijui na sikuelewa hata moja. Umewahi kuona kazi kama hiyo? Mkalimani anaitwa aape kwamba hakuelewa.

Nikisema sikuelewa, nimedanganya madhabahuni, na benchi zima litaambiwa mwenzenu ameweza, nyinyi mnangoja nini. Nikisema nimeelewa, watasema Fundi aliwachezea watu, na watauliza maneno yenyewe, na maneno yenyewe ni wewe.

Na kuna Baba. Wewe na Baba mmelelewa jikoni kwa Bibi. Hajatumia ishara zile tangu niwe na akili, lakini hazisahauliki. Siku ile tuliporudi nyumbani aliniuliza bila kunitazama, "Ulielewa kitu wewe?" Nikamuuliza, "Na wewe?" Akaniambia chai imepoa.

Nini kilitokea, Shangazi? Kwa nini Fundi aliinamisha kichwa? Niambie nijue ninachokilinda.

Mwanao,
Kidole


27 Aprili 1998

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilidhani unaumwa, nikamtuma mume wangu aulize kwa madereva wanaopita huko, wakasema wamekuona sokoni unagombana na mtu kwa mikono na unashinda. Nikashukuru Mungu, halafu nikakasirika.

Siku imepangwa, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Kiti cha mwangalizi kimeshaletwa, kina mto. Fundi amehamishiwa viti vya heshima. Watu ambao miaka yote walikuwa wanampita kama nguzo sasa wanapanga mstari kumshika mkono. Mchungaji ameanza kuliambia benchi kila Jumapili kwamba njia imeshaonyeshwa, na mimi ndiye ninayewatafsiria maneno hayo. Yule mama anayefuma vikapu alinyoosha mikono juu wakati wa maombi, akawa anaipeperusha hovyo huku ananitazama, kuniuliza kama hiyo inatosha. Nilitamani ardhi inimeze.

Nijibu hata mstari mmoja. Maji yamenifika shingoni.

Kidole


8 Mei 1998

Kidole,

Marahaba. Mimi mzima. Barua zako nimezipata zote, posta haina kosa. Kalamu nilikuwa nayo na karatasi nilikuwa nayo. Sikutaka.

Umetaka kujua, haya. Wewe ulikuwa shule siku hiyo. Tulikaa sebuleni kwa baba yako, mimi, Fundi, yeye, na mzee mmoja wa kanisa ambaye sasa ni marehemu. Mimi na Fundi tulikuwa tumeshapatana kuoana. Mchana, karakana ikifungwa, tulikuwa tunakula pamoja kwenye meza ya randa, na hapo ndipo nilipomfundisha mikono ya Mama. Sikumfundisha mtu yeyote mwingine mzima. Nilimpa kama vile mtu anavyompa mtu ufunguo wa nyumba.

Baba yako aliandika kwenye karatasi ili kusiwe na kutoelewana. Aliandika: wawili viziwi nyumba moja, mtoto akilia nani atasikia? Halafu akamwandikia Fundi kwamba amwachie dada yake, na kazi yake karakana itaendelea kama kawaida.

Kaka yangu sikumshangaa. Wenye masikio wanaogopa kimya, na yeye aliniogopea toka tukiwa watoto. Nilimgeukia Fundi. Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, imelala. Nikangoja iamke. Sikutaka hotuba, Kidole. Hapana moja tu ingenitosha, ningeishi nayo mpaka kufa. Akaniangalia, akamwangalia baba yako, akainamisha kichwa. Mara moja, kama mtu anayekubali kipimo cha ubao.

Nililia siku hiyo mpaka macho yakafunga, na kwa mtu kama mimi macho yakifunga hakuna kinachobaki. Wiki ile ile nikapanda basi.

Sasa unaniletea kwenye karatasi kwamba mikono yake imeamka. Imeamka wapi? Kanisani, macho yamefumbwa, mimi niko mbali. Inaamka kwa Mungu, ambaye hamwogopi baba yako. Na watu wanaipigia makofi! Nilipoisoma niliunguza shati la daktari.

Nakuambia hivi, na nakuambia kama shangazi yako. Maneno yale usiyatoe mbele ya wale watu. Kovu langu si la kuhubiriwa. Kama lazima useme hukuelewa, sema hukuelewa. Uongo mmoja wa kumsitiri shangazi yako hautakuua.

Usiniandikie tena habari za mvi.

Shangazi yako


1 Juni 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto ana meno mawili juu sasa. Nakuandikia huku nimempakata, kwa hiyo usiniseme mwandiko.

Ijumaa nilikwenda karakana wakati Baba ameenda kununua gundi. Fundi alikuwa anasugua msasa mguu wa kiti. Nikamsalimia kwa mikono ya Bibi, si ile ya kanisani. Alidondosha msasa. Nikamwambia, "Nilielewa yote." Akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Nikamuuliza kwa nini aliwaacha watu waseme amenena kwa lugha. Akasema: "Mimi nilikuwa naomba. Kila siku naomba hivyo hivyo, hapa hapa, nikiwa peke yangu. Siku ile nilisahau kwamba niko kati ya watu. Nilipofumbua macho walikuwa wanapiga makofi, na wewe ukanieleza kwamba wanasema nimejazwa Roho. Nikafikiri labda ni kweli. Mimi nitajuaje?" Halafu akasema, "Walinishika mkono. Hawajawahi kunishika mkono."

Nikamwambia naweza kusema sikuelewa, mambo yakaisha. Aliokota msasa. Akaniuliza, "Ukisema uongo kwa mdomo, benchi utalitafsiria nini?"

Nilirudi nyumbani nimebeba swali hilo na barua yako. Usingizi sikuupata.

Jana kanisa lilifurika mpaka nje. Mwangalizi ni mzee mpole, ana miwani mizito. Aliniita mbele akasema, "Binti, inua mkono wako wa kulia utuambie. Ishara alizotoa ndugu huyu, ulizielewa au hukuzielewa?"

Nikasema, "Mzee, siwezi kuinua mkono mmoja. Nikiinua mmoja, benchi halinisikii."

Watu wakacheka. Sikuwa natania. Nikaweka mikono mbele ya kifua wote waione, nikasema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja: "Nilizielewa zote. Ni lugha ya nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba. Ndugu yetu alikuwa anamweleza Mungu habari inayomhusu mtu aliye hai. Mtu huyo amenikataza kuitoa. Kwa hiyo siitafsiri, na hata mkinitoa hapa siitafsiri."

Nisamehe, Shangazi. Uliniambia niseme sikuelewa. Nilifungua mdomo niseme hivyo, naapa, nikaona macho ya yule mama wa vikapu yako kwenye vidole vyangu. Nikashindwa. Lakini neno lako hata moja halikutoka.

Macho ya Mchungaji yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo huyu ndugu alitudanganya?"

"Hakusema amenena kwa lugha, Mchungaji. Ulisema wewe."

Mchungaji akamtupia jicho mwangalizi. Akasogea karibu yangu, akasema kwa sauti ya upole iliyoniogopesha kuliko ya ukali: "Au wewe ndiye unayezuia kazi ya Mungu, ili hawa wenzako wasidaiwe kutafuta kilicho bora? Hiyo lugha ya bibi yako, nani mwingine anaijua? Atoke mtu mmoja athibitishe."

Sikumtazama Baba. Nilitazama sakafu, maana kumtazama kungekuwa kumtaja. Nilijua hatasimama. Nilishaanza kufikiria nitakavyotoka mle ndani, mlango upi.

Nikasikia kiti kinasukumwa. Unajua anavyosimama siku hizi, goti moja kwanza, halafu mkono kwenye kiti cha jirani. Akasema, "Mimi naijua."

Mchungaji akasema, "Mzee, si wewe uliyeitikia Amina ya kwanza?"

"Niliitikia ili nifunike," Baba akasema. "Binti yangu amesema kweli. Hiyo ni mikono ya mama yetu."

Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona toka nizaliwe. Akamgeukia Fundi, akainua mikono. Ilikuwa migumu, vidole havinyooki vizuri. Akafanya ile ya viganja viwili vinavyokandamiza kichwa, ila hakuvishusha juu ya kichwa chake. Alikandamiza hewani, mbele yake, kama anayekiinamisha kichwa cha mtu mwingine. Kisha akajigusa kifua. Akarudia mara ya pili, taratibu, asije akakosea. Benchi halikuelewa, kanisa halikuelewa. Fundi alielewa. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanaruka.

Mimi nililia pale mbele ya mwangalizi, bila aibu.

Matokeo yake ni haya. Mchungaji ametangaza kwamba mimi nipumzike ukalimani, na benchi lisikaribie meza mpaka litakapoelekezwa upya. Mwangalizi alivua miwani akaifuta, hakusema ndiyo wala hapana. Nilipomaliza kuwatafsiria tangazo hilo, yule mama wa vikapu alichukua mfuko wake akatoka. Wengine wakamfuata. Tukaenda karakana, Baba akatufungulia, tukasali tukiwa tumekaa juu ya mbao. Baba alisimama mlangoni muda wote, hakuingia, hakuondoka.

Tulipomaliza Fundi akaniuliza kwa mikono ya Bibi, "Umemwandikia?" Nikasema nimekuandikia. "Amejibu?" Sikutaka kumdanganya siku kama ile. Nikamwambia, "Amenijibu mimi. Wewe hajakujibu."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akasema, "Basi nitaendelea kuomba," akaokota ufagio akaanza kufagia pale tulipokuwa tumekaa.

Kama umenikasirikia niandikie hivyo hivyo kwa hasira. Usinyamaze tena.

Mwanao,
Kidole


13 Juni 1998

Kidole, mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ajili ya meno.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kufulia, juu ya rundo la mashuka. Msimamizi akadhani nimefiwa, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikaenda. Bure haikataliwi.

Nilikuambia useme uongo na hukusema. Nilikasirika, nikakuandikia barua ndefu ya kukutukana, na ilikuwa nzuri sana. Nimeichana. Ulisimama mbele ya watu wenye masikio yao, peke yako, ukayashika maneno yangu usiyaachie. Mimi siku yangu nilingoja mtu wa kufanya hivyo sikumpata.

Kaka yangu mwambie salamu zake za hewani zimefika. Zimechelewa, lakini zimefika. Nina mengi ya kumwambia na nitamwambia mwenyewe, kwa mikono, kwa kuwa sasa tumejua wote kwamba anaikumbuka.

Nimeomba likizo. Nafika Jumamosi ijayo kwa basi la mchana. Njoo kituoni wewe na mtoto tu. Usimlete Fundi, usimvalishe shati jipya, wala usimwambie anyoe. Nitakwenda karakana kwa miguu yangu. Sijamsamehe, usiende kutangaza. Huenda nitamsamehe, huenda nitamrushia randa, bado sijui, na kutojua huko kumeninyima chakula siku hizi zote.

Unasema anaendelea kuomba. Mwambie apumzishe mikono. Mungu alishamsikia tangu siku ya kwanza. Asiyesikia ni mimi, kwa hiyo aje asimame mbele yangu, afumbue macho, aniambie nikiwa namtazama.

Shangazi yako